Msiba wa Bwana Mamba

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, ndege na mamba walipokuwa bado wanaamkiana asubuhi na kuazimana chumvi, palikuwa na kinamasi mahali mto unapoingia baharini. Maji ya mto yalikuja na tope, maji ya bahari yalikuja na chumvi, yakakutana katikati ya mikoko. Palinuka kidogo, siwafichi. Lakini kwa ndege palikuwa mjini hasa. Yangeyange walijenga juu ya mikoko, mnandi walianika mabawa yao kwenye matawi makavu, na korongo walipita kwenye tope kwa hatua ndefu kama watu wenye shughuli nyingi.

Katikati ya kinamasi palikuwa na fungu la mchanga. Upande mmoja wa fungu alikaa Kitwitwi, ndege mdogo wa miguu myembamba, na wanawe wawili, Kidee na Chepu. Nyumba yao ilikuwa kijishimo tu mchangani, haina paa wala mlango. Watoto walikuwa na siku nne tangu waanguliwe. Kukimbia walijua. Kuruka, bado.

Upande wa pili wa fungu alikaa Bwana Mamba na mkewe.

Sasa mtaniuliza, "Dada, mama gani huyo anayelea watoto jirani na mamba?" Alikuwa hana pengine. Kina kitwitwi wote hutaga mchangani, na mchanga ulikuwa ni huo huo mmoja. Kwa hiyo alifanya jambo moja aliloliweza: alimwangalia Mamba. Alimwangalia asubuhi, alimwangalia mchana, hata akila vijidudu vyake jicho moja lilikuwa kwa Mamba.

Alimjua kuliko Mamba alivyojijua. Alijua kwamba jua likichomoza, Mamba hutoka majini na kulala ubavu wa kushoto. Alijua kwamba jua likikaza, Mamba hupanua kinywa apate upepo, na hukipanua polepole, kwa taabu, kama mlango wa ghala uliovimba kwa mvua. Lakini akikifunga, paa! Hata inzi hawahi kutoka.

Na Mamba akitia mguu mmoja tu majini, Kitwitwi hupiga kelele:

"Twi! Twi! Twi! Anakujaaa!"

Hapo kila mama kinamasini huita wanawe. Mamba akifika, anakuta matawi matupu na manyoya mawili matatu yanaelea.

Siku moja alfajiri, mke wa Mamba alimuuliza mumewe:

"Bwana, leo tunakula nini?"

"Tope."

"Jana tulikula tope."

"Basi leo tunakula la jana."

Wasicheke sana wenye kushiba. Siku tisa zilikuwa zimepita bila Mamba kuweka kitu mdomoni. Samaki walikuwa wamepanda mto kwenda kwenye maji matamu, na yeye alikuwa mvivu wa kuwafuata.

"Ni kale kandege," Mamba akanong'ona. "Nikikohoa, twi! Nikijikuna, twi! Mke wangu, nimefikiri sana. Nitakufa."

"Utakufa?"

"Kidogo tu. Mpaka saa nne hivi."

Mkewe akamtazama.

"Sikiliza," Mamba akasema. "Mimi nikifa, ndege watakuja msibani. Watakosaje kuja? Na wakija, watawaleta watoto wanipitie mbele ya uso. Hapo sitahitaji hata kunyanyua kichwa."

Ngoja niwaeleze, wadogo zangu. Kinamasini kulikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, msiba ukitokea, ugomvi unawekwa chini. Hata akifa adui yako, utakwenda, maana usipokwenda kwa mwenzako hakuna atakayekuja kwako. Ya pili, watoto wote wadogo hupitishwa mmoja mmoja mbele ya uso wa marehemu, wamuage, wasije wakamwota vibaya. Anayemficha mwanawe anaambiwa amemtukana maiti, na watu hawaongei naye tena.

"Wewe kazi yako ni kulia," Mamba akamwambia mkewe. "Hebu lia nisikie."

"Uwi. Uwi."

"Hicho ni kilio cha aliyeibiwa ufagio! Lia kama umefiwa na mume."

"Basi nitajie wema wako hata mmoja, nilie nao."

Mamba akafikiri. Akafikiri tena.

"Lia tu," akasema.

Jua lilipochomoza, kilio kikapasua kinamasi.

"Uwiii! Uwiii! Mume wangu ameniacha! Jamani, nitakaa na nani mimi?"

Ndege wakaja, fuu, fuu, fuu, kundi juu ya kundi. Mamba alikuwa amelala mchangani, mkia umenyooka, macho yamefumbwa. Wa kwanza kutua alikuwa Mzee Korongo. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa misiba yote. Bila yeye hakuna aliyejua nani asimame wapi.

"Pole, binti yangu," akamwambia mke wa Mamba. "Ilikuwaje?"

"Alisema tumbo, Mzee. Tumbo, tumbo, mara kimya."

"Kazi ya Mungu. Jamani, leteni watoto! Tumuage jirani yetu mapema, jua lisije likamharibu."

Kitwitwi alikuwa amesimama mbali kidogo, jicho kwa Mamba kama kawaida yake. Akaona Mamba amelala ubavu wa kushoto. Akaendelea kumwangalia. Jua likapanda. Mara akaona kinywa cha Mamba kinaanza kupanuka, polepole, kwa taabu. Aaah!

Akamkimbilia Mama Yangeyange, shoga yake wa siku nyingi, ambaye alikuwa na makinda matatu.

"Shoga, usimlete mtoto! Huyu hajafa. Angalia kinywa, anatafuta upepo!"

"Wengi hufa kinywa wazi, mwenzangu."

"Mwanzo kilikuwa kimefungwa!"

Mzee Korongo akasikia. Akageuza shingo yake ndefu.

"Nani anasema hajafa? Wewe? Wewe, Mama Kidee, ndiye wa kutufundisha nani anajifanya na nani hajifanyi?"

Ndege wakaguna. Kitwitwi akainamisha kichwa.

Maana kweli, kulikuwa na jambo. Wiki mbili nyuma, mayai ya Kitwitwi yalipokuwa bado mchangani, Mzee Korongo alikuwa anapita na miguu yake mirefu bila kuangalia chini. Bado hatua moja akanyage mayai! Kitwitwi akajitupa mbele yake, bawa moja akaliburuta, kra, kra, akalia, "Nimevunjika! Nimevunjika, Mzee!" Akazidi kwenda mbali na mayai huku anachechemea, na Mzee akamfuata kwa huruma. Kisha Mzee akaenda mpaka ng'ambo kumtafutia majani ya dawa. Aliporudi, jasho linamtoka, akamkuta Kitwitwi anakimbia huku na huku, mzima kabisa, anakula kaa.

Kina kitwitwi wote hufanya hivyo wakiwa na mayai. Ni kazi ya mama. Lakini Mzee Korongo hakusahau.

"Bawa lililovunjika lilipona kabla dawa haijafika," Mzee akasema, na ndege wakacheka, kwa adabu, maana ilikuwa msibani. "Leo unataka kumtukana marehemu. Nenda kalete wanao. Tena wewe utakuwa wa kwanza, ndiwe jirani wa mlango kwa mlango."

Kitwitwi alirudi nyumbani kwake. Kidee na Chepu wakamkimbilia.

"Mama, tunaenda msibani?"

"Mama, marehemu ni nini?"

Akawakusanya chini ya mabawa yake, akawaza. Akipiga kelele, hawamsikii. Akiwaficha wanawe, wenzake wote wataleta wao, na makinda ya Mama Yangeyange yataliwa mbele ya macho yake. Akikimbia, ataishi wapi, na nani?

Akatazama upande wa pili wa fungu. Kinywa cha Mamba sasa kilikuwa wazi, upana wa mlango. Akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akafuta macho kwa bawa.

"Wanangu," akasema, "twendeni tukalie."

Alifika msibani analia kuliko mfiwa.

"Uwiiii! Jirani yangu mimi! Nani ataniamkia asubuhi? Nani nitamwangalia sasa?"

Hata mke wa Mamba alinyamaza kidogo, akamshangaa.

"Naam," akasema Mzee Korongo. "Hivyo ndivyo."

Kitwitwi akajitupa mchangani karibu na kichwa cha Mamba, mara akaruka nyuma, akashika kichwa.

"Jamani! Jamani, aibu gani hii? Marehemu hajafungwa kidevu!"

Ndege wakageuka kutazama.

"Kinywa kiko wazi, watu wote wanaona meno yake! Inzi wanaingia! Ndiyo heshima hiyo, Mzee? Wewe msimamizi?"

Mzee Korongo akakohoa. Katika shughuli zote za asubuhi ile, kidevu alikuwa amekisahau. Na ninyi mnajua, wadogo zangu, mtu akifa, jambo la kwanza ni kumfumba macho na kumfunga kidevu. Hata mtoto mdogo anajua.

"Nilikuwa nakuja huko," Mzee akasema. "Nilikuwa nakuja huko huko."

"Hapana!" Mke wa Mamba akadakia. "Asifungwe. Mume wangu hakupenda kubanwa."

"Dada," Kitwitwi akamshika mkono, "najua uchungu ulio nao. Lakini watoto wakimwona kinywa wazi, si wataota usiku kucha? Na wewe watakusema. Watasema mke gani huyu, kamwacha mumewe hivyo kama kapu."

"Atafungwa," Mzee Korongo akasema. "Mnana yuko wapi?"

Mnana ni yule ndege wa manjano anayesuka kiota chake kwa majani, fundo juu ya fundo, upepo usikitoe. Akaja na kipande kirefu cha ukindu mdomoni.

Na Mamba je? Mamba alikuwa anasikia yote. Moyoni akacheka. "Ukindu! Mimi nimevunja mfupa wa nyati kwa taya hizi. Waache wafunge majani yao. Mtoto wa kwanza akifika, nitaupasua kama utando wa buibui." Wala hakuwahi kufikiri, maana nani hufikiria kinywa chake mwenyewe, kwamba nguvu zake zote zilikuwa za kukifunga. Za kukifungua alikuwa nazo kidogo sana.

Kitwitwi alilijua hilo. Alikuwa ameliona kila siku, jua likikaza.

"Saidieni kusukuma," akasema.

Mwari, yule ndege mkubwa mwenye mfuko chini ya mdomo, akakaa juu ya pua ya marehemu na mwili wake mzito. Kinywa kikashuka, pu! Mnana akaanza kazi. Akazungusha ukindu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Inatosha," mke wa Mamba akasema.

"Bado, dada," Kitwitwi akasema. "Alikuwa mtu mkubwa. Afungwe kwa ukubwa wake."

Mara ya nne. Ya tano. Ya sita. Mnana akapitisha ncha chini, akaivuta juu, akaibana kwa mguu, akakaza, kwi! Akarudi nyuma kutazama kazi yake.

"Hilo fundo," akasema, "mimi mwenyewe silifungui."

"Sasa watoto," akasema Mzee Korongo. "Mama Kidee, wa kwanza ni wako."

Kitwitwi akamtazama Kidee. Mtoto mwenyewe mkubwa kama kokwa la embe, manyoya yake bado laini. Mama alikuwa na hakika ya taya, lakini fundo hakulijua. Fundo lilikuwa la mwenzake. Akaliangalia mara moja zaidi. Kisha akamweka mwanawe upande wa nje, yeye akapita upande wa meno.

"Twende pamoja, mama yangu. Usikimbie mpaka nikwambie."

Wakatembea. Tip, tip, tip. Ndege wote walikuwa wameinamisha vichwa. Wakafika mbele ya pua. Kidee akasema kwa sauti yake nyembamba:

"Kwaheri, Babu Mamba."

Hapo Mamba akafumbua macho, akajirusha!

"MMMMH!"

Kinywa hakikufunguka. Pua ilimpita Kitwitwi kifuani, ikachimba mchanga. Mamba akajaribu tena, mishipa ya shingo ikasimama.

"Mmmh! Mmmmmh!"

"Kimbia, Kidee!" Kitwitwi akapiga kelele. "Twi! Twi! Twi! Ondoeni watotooo!"

Aaa, msiba gani tena! Maiti inapiga mkia, faaa! Mchanga unaruka! Mama Yangeyange akabeba makinda mawili kwa mdomo na la tatu akalisukuma kwa kichwa. Mwari akaanguka majini chali. Mzee Korongo, aliyesema siku zote kwamba mzee hakimbii, alikimbia. Alikimbia mpaka akakumbuka kwamba ana mabawa.

Punde fungu likawa tupu, na mikoko ikajaa ndege. Watoto wakahesabiwa. Wote wapo. Kidee yuko, Chepu yuko, makinda matatu yapo.

"Mama Kidee," Mzee Korongo akaita kutoka tawini, pumzi zinamkatika. "Mama Kidee, mwanangu. Nisamehe. Wewe uliona, sisi tulikuwa na macho tu."

"Nimesamehe, Mzee. Na lile la dawa, nisamehe na mimi."

Chini, Mamba alikuwa anajikwaruza kidevu kwa makucha, anajisugua kwenye mizizi, anabiringika. Ukindu haukwenda popote. Akachoka, akaketi. Mkewe akamzunguka.

"Ngoja nikukatie. Lete hapa. Aa, siwezi, bwana! Nikiiuma kamba, nitaiuma na pua yako!"

Akajaribu tena, akashindwa. Ndipo akaketi mchangani akalia. Safari hii hakusema uwi uwi. Alilia kimya, mabega yanapanda na kushuka.

"Mwacheni!" ndege wakapiga kelele. "Akae hivyo hivyo! Alitaka watoto wetu!"

Kitwitwi alisikiliza kile kilio. Akashuka, akatua mbali kidogo na mkia.

"Dada," akasema.

"Nini? Umekuja kucheka?"

"Sikuja kucheka. Hicho kilio nakijua. Mimi nimekilia asubuhi ya leo, nyumbani kwangu."

Mke wa Mamba akainua uso.

"Siku tisa hajala, Mama Kidee. Na sasa atakufa kweli."

"Hafi. Mnana! Hebu sema kweli. Ukindu ukilowa inakuwaje?"

Mnana akanung'unika tawini. Hakutaka kusema. "Ukilowa unalainika," akasema mwisho. "Ukikaa majini kutoka asubuhi mpaka jua liegemee, unateleza wenyewe. Ndiyo maana sisi tunajenga juu."

"Umesikia, jirani?" Kitwitwi akamgeukia Mamba. "Samaki wako juu mtoni, kwenye maji matamu. Ni safari ya mchana mmoja. Ogelea sasa hivi, ukifika huko kamba itakuwa imelegea, na chakula kiko mbele yako. Ukibaki hapa mchangani, ukindu utakauka, na ukikauka utazidi kubana."

Mamba akamtazama yule ndege. Angeweza kummeza bila kumtafuna. Akatazama maji.

"Mmmh," akasema.

"Anauliza akishapona, anaweza kurudi?" mkewe akatafsiri. Walikuwa wameoana miaka mingi.

"Arudi wapi?" Kitwitwi akasema. "Tumeshamlilia. Tumeshamfunga kidevu. Mtoto wangu ameshamuaga. Hapa kinamasini, dada, mumeo ni marehemu."

Mamba akaingia majini bila kuaga, kichwa chini, na mkewe nyuma yake, anamwambia hili na lile. Waliokuwa juu kabisa mikokoni waliwaona wanapinda kona ya mto.

Na kweli, samaki waliwapata, kamba ikatoka, wakanenepa. Mwaka mmoja Mamba alijaribu kurudi. Hata pua hajaitoa vizuri majini, sauti nyembamba ikalia kutoka mchangani, "Twi! Twi! Twi! Marehemu huyooo!" Mikoko yote ikamcheka, makinda kwa wazee, akaona haya, akageuka.

Kwa hiyo, wadogo zangu: ukijifanya maiti mbele za watu, watu watakufanyia yote wanayoyafanyia maiti.